Jina Alilolitaja Mzee Onema

Hélène alimfunga baba yake kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva, wakatoka kijiji chao cha Kama, watatu juu ya pikipiki moja. Mzee Onema alikuwa na miaka sabini na moja. Donda la mguu lilikuwa limeanza kunuka, na muuguzi wa Kama alikwisha kusema hana dawa tena. Lakini redio ilitangaza kwamba askari wa zamani wataheshimiwa mjini Kindu, na kila atakayevishwa nishani atatibiwa hospitali ya jeshi. Tumaini lingine halikuwapo.

Siku ya pili walifika Kasuku, mtaa wa Kindu, kwa shangazi Anne. Hélène akamwogesha baba yake, akamfundisha upya jina lake, kwa kuwa alikuwa ameanza kusahau na kila askari angejitaja mwenyewe. Matapeli walikuwa wengi.

"Papa, sema: njo mimi Onema."

"Njo mimi Onema," mzee akajibu, akijitaja vizuri kabisa.

Kesho yake uwanjani tarumbeta zikalia, zikamrudisha mzee vitani. Mwaka wa 1998, Kindu ilipoanguka mikononi mwa waasi, alikimbilia msitu wa Punia akimbeba mwenzake Djamali, aliyepigwa risasi ya tumbo. Siku ya nne akamlaza kwenye majani, akamwambia anakwenda kutafuta maji. Hakurudi. Hélène aliyajua hayo kwa vipande vipande, mzee alipoweweseka kwa homa.

"Jina yako, mzee?" akauliza ofisa.

"Djamali."

"Papa!"

Ofisa akageuza karatasi za orodha. "Djamali iko kwa liste ya wafu."

"Hakukufa! Alikuwa anasema bado!" Mzee akalia mbele za watu. "Alikuwa anasema bado!"

Hélène akapiga magoti vumbini. "Mukubwa, mimi njo mutoto yake. Huyu njo Onema. Angalia mguu yake, nakuomba."

Ofisa aliutazama mguu, akaziba pua kwa leso, akaita jina lililofuata.

Siku tatu Hélène alishinda mlangoni pa ofisi ya jeshi. Siku ya nne akaambiwa orodha imekwenda Kinshasa. Hospitalini, mlinzi akadai karatasi ya nishani.

Mzee alifia barazani kwa shangazi Anne, siku ya Jumapili. Jeshi halikutuma mtu. Majirani wanne walimbeba mpaka makaburini.

Hélène alirudi Kama peke yake, na njia nzima alijiuliza kwa nini hakumwacha afe kitandani pake.