Mawese Kwenye Shokapu ya Mwalimu

Mimi ndiye niliyepaka mawese kwenye shokapu ya baiskeli ya Mwalimu Hamisi, na mpaka leo nikipita mahali wanakaanga samaki kwa mawese masikio yananiwaka. Nasema mapema, ili wale waliokuwepo wasinisaidie kusimulia.

Mwalimu Hamisi alitokea Kondoa, akapangiwa kufundisha fizikia kwetu hapa Kyela, na kwa miaka sita alipanga nyumba inayotazamana na yangu. Alikuwa na baiskeli ya milimani, zile zenye shokapu ya upepo chini ya kiti, haina springi, ni upepo tu umefungiwa ndani kwa mipira. Kila Jumamosi anaipanda kwenda Ngana au Matema, na jioni anakuja barazani kwangu, tunakunywa chai, ananieleza mto umejaa wapi na mpunga umekomaa wapi. Yaani mgeni ndiye aliyenisimulia wilaya yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani, nikishakagua kakao na migomba yangu nimeimaliza dunia. Alizoea kunitania, "Ipyana, wewe ukivuka Ndandalo hapo tu unaulizia pasipoti." Nilicheka kila mara, kama ndiyo kwanza naisikia.

Basi uhamisho ukatoka, anarudi kwao. Shule mpya ilikuwa mbali na makazi, kwenda na kurudi ni baiskeli, na shokapu ilishaanza kuvuja: ukiijaza asubuhi, mchana imelala chini. Akaing'oa, akaifunga kwenye gazeti, akanipa niipeleke Mbeya kwa fundi anayemwamini, maana yeye alikuwa anakabidhi ofisi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Asubuhi nikafikiria basi, nikafikiria baridi ya Uyole, nikajiambia mtu mwenye C ya fizikia ya kidato cha nne (sikufundishwa na yeye, nadhani ndiyo maana niliipata) anashindwaje na upepo? Nikajifungia ndani siku mbili, pazia limeshushwa, ili ijulikane nipo Mbeya, na safari nzima nikaifanya kati ya kitanda na meza. Niliifungua, nikakuta mpira wa ndani umelika, nikakata mwingine kutoka kwenye tyubu kuukuu, na ili uteleze na kuziba vizuri nikaupaka mawese ya jikoni. Ilikuwa mwezi wa saba, na asubuhi za mwezi ule mawese yanaganda kama siagi. Nikakaza, nikajaza upepo, ikawa ngumu kama jiwe. Nilijipongeza peke yangu.

Aliyeniona ni Mama Tusekile tu, jirani wa nyuma, kwa kuwa hata mtu aliyeko Mbeya huenda chooni. Akanisalimu ugonile, akaniuliza Mbeya wanaendeleaje, nikamjibu wazima, akapita zake. Siku ya tatu nikamrudishia Mwalimu shokapu kwenye gazeti lilelile, kama nimeshuka nayo kwenye basi, akaifunga kwenye baiskeli.

Siku ya kuagwa walimu wenzake walimpa suti ya rangi ya maziwa, akaivaa palepale. Mkuu wa shule akaomba Mwalimu azungushe baiskeli uwanjani mara moja, wanafunzi wamwone kwa mara ya mwisho kama walivyomzoea. Sasa baiskeli ilikuwa imesimama juani tangu saa nne, na jua la Kyela mnalijua, kila kilichoganda asubuhi saa saba ni mchuzi. Mwalimu mwenyewe, kabla ya kupanda, akatangaza kwa watu wote kwamba rafiki yake Ipyana, ambaye hajawahi kusafiri, amesafiri kwa ajili yake. Watu wakapiga makofi, mimi nikasimama, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tena nikapunga mkono.

Hakufika hata goli la kwanza. Shokapu ilitoa mlio mrefu kama mtu anayekata tamaa, kiti kikashuka, na mawese yakaruka yakampata suruali kuanzia pajani hadi kwenye pindo, ile rangi yetu nyekundu ambayo hakuna asiyeijua. Makofi yakafa. Akagusa, akanusa kidole, akanitafuta kwa macho.

"Ipyana, fundi wa Mbeya anatumia mawese?"

"Siku hizi wanatumia, Mwalimu," nikajibu. (Ndiyo, nilijibu hivyo, mbele ya shule nzima.)

Alicheka yeye kwanza, ndipo shule ikacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniumiza zaidi. Jumatatu nilimsindikiza stendi. Baiskeli ilipakiwa vilevile, imekaa chini kwa nyuma, hakuna muda wa fundi tena. Akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema ndaga fijo, asante sana ya kwetu, kwa lafudhi yake ya Kondoa, basi likaondoka, na baadaye nikasikia kwamba siku yake ya kwanza shuleni, baiskeli haipandiki, ilibidi aende kwa miguu.

Nilirudi nyumbani kutoka stendi, barazani kuna viti viwili na sina kazi na cha pili. Mama Tusekile akapita na ndoo yake, nikamweleza kwamba nimeapa, chochote chenye upepo ndani sitakifungua tena, nitakipeleka Mbeya mwenyewe hata kama ni mpira wa watoto. Akatua ndoo, akanitazama.

"Wewe ulikuwa hutaki aondoke. Ungemwambia kwa mdomo, suruali ya watu ingepona."