Siku Tisa za Kulala Kifudifudi

Kwa miaka mitatu nilishona nguo za watu nikiwa nimekalia mto, na hakuna mtu Kilwa Masoko aliyejua kwa nini. Wateja walidhani ni madaha. Mmoja aliwahi kuniambia, "Fundi, weye siku hizi bibi harusi, ubao mtupu hukalii tena." Nikacheka naye. Ndani ya gauni nilikuwa nimejifunga kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu.

Ilikuwa bawasiri. Leo naliandika neno hili bila kupepesa macho, lakini wakati ule nisingelitamka hata nikiwa peke yangu. Ilinianza nilipomzaa binti yangu wa pili, kisha kiti cha cherehani kikaikomaza. Kwetu mtu akiugua malaria anapikiwa uji, akiugua moyo anasomewa dua, lakini akiugua huko nyuma anaulizwa ameupataje ugonjwa huo, na anayeuliza ana jibu lake tayari. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilimficha mume wangu, kazi ambayo si nyepesi kwa watu wanaolala kitanda kimoja, na nilimficha zaidi mama yake, ambaye tuliishi naye nyumba moja.

Dada yangu wa Lindi ndiye aliyeniumbua. Nilikwenda kumtembelea, akaiona kanga niliyoiloweka bafuni. Hakunipa hata pole. "Mficha uchi hazai," alisema, akanishika mkono mpaka hospitali kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Daktari akasema vinyama vimeshakuwa vikubwa, dawa pekee haitoshi, lazima vikatwe. Nikakubali. Kisu sikukiogopa. Nililoliogopa ni swali litakalonisubiri nyumbani: umekatwa wapi?

Jibu nililitunga mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nilimpigia simu mume wangu, aliyekuwa Rutamba akifanya kazi ya msimu kwenye ghala la ufuta, nikamwambia nafanyiwa operesheni ya maradhi ya kike. Nikampigia mama mkwe nikamwambia vivyo hivyo. Nilijua mwanamume akiyasikia maneno hayo haulizi zaidi. Nilichosahau ni kwamba wanawake nao hawaulizi. Wanajaza wenyewe.

Nilipotoka wodini nilipewa dawa za maumivu, dawa ya kulainisha choo na maagizo. Nikalie beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi mara tatu kwa siku. Ninywe maji mengi, nile mapapai na mboga. Pilipili nisiiguse. Muuguzi aliponishika bega kuniaga aliongeza jambo moja. "Ukiona damu inatoka nyingi, hata kama ni wiki ya pili na umeshajiona mzima, usingoje. Wanaongoja tunawapokea wakiwa wamebebwa."

Dada alinikatia viti viwili kwenye basi, nikasafiri hadi Kilwa nimelalia ubavu. Kila tuta la barabarani nililijua kwa jina la Mungu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alinipokea mfuko, akaniongoza chumba cha mbele, na hapo nikaona kwamba nimetandikiwa kitanda cha mzazi: shuka mpya, kanga ya kufunikia, na pembeni mkaja umekunjwa, ile nguo ndefu ambayo mwanamke hufungwa tumboni akishajifungua. Kwenye kigoda alikaa bibi mkandaji, yule ambaye mikono yake imewakanda kwa maji ya moto wazazi wote wa mtaa wetu, mimi nikiwemo mara mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nilione tumbo." Akafunua, akapapasa, hakuona mshono. "Mbona hamna kovu?"

"Walipitia chini," nilisema. Hilo halikuwa uongo.

Bibi akamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama mkeka. "Ndiyo wanavyofanya siku hizi," bibi alisema taratibu. "Wanakitoa kwa chini."

Wanakitoa. Sikuuliza kitu gani. Nilikuwa nimechoka, makalio yanawaka moto, na nilifurahi kwamba maswali yameisha. Nikafungwa mkaja, nikakandwa, kisha likaletwa bakuli la uji wa pilipili manga, ule anaopewa mzazi kusafisha tumbo. Pilipili ilikuwa nyingi mpaka uji umepata rangi ya udongo. Mama mkwe alisimama pale pale hadi nikamaliza. Ningekataa kwa hoja gani?

Yaliyonikuta chooni kesho yake sitayaeleza. Nitasema tu kwamba niliuma kanga kwa meno, nikamwomba Mungu anichukue, halafu haraka haraka nikamwomba asinichukue mle chooni. Na uji ukaja tena jioni. Ulikuja kila siku. Beseni langu mama mkwe aliliondoa, akisema mwenye kidonda cha ndani hakalii maji, yatampanda. Nililiiba mara moja moja alipokwenda sokoni.

Kukaa sikuweza, kwa hiyo nililala kifudifudi, uso umeelekea ukingo wa kitanda, na watu wote walioniangalia niliwajua kwa miguu. Miguu iliingia, ikasimama, ikasema pole. Haikukaa muda mrefu kama miguu ya watu wanaomtembelea mgonjwa anayepona. Wanawake wa kwetu hawajui kunong'ona nyumbani kwa mtu, lakini wiki ile walinong'ona. Nikianza kugeuka, wananyamaza. Binti zangu wakipita, kuna mkono unawashika kichwa, na sauti inasema, "Mungu awakuze." Kama vile wamefiwa.

Siku ya nne nilielewa. Majirani wawili walikuwa wamekaa barazani, chini ya dirisha langu, wakichambua mchicha.

"Kimetolewa chote?"

"Chote. Wasichana wawili, na ndiyo basi."

"Na yule mama alivyokuwa analilia mjukuu wa kiume."

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kutoa kichwa dirishani niwamwagie maji ya kunawia. Kisha hasira ikanitoka yote kwa mpigo, nikabaki na hofu tupu, kwa sababu nilikumbuka kwamba mama mkwe hajagombana nami tangu nirudi. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tumegombana kuhusu chumvi ya mchuzi, kuhusu mlango wa uani, kuhusu namna ninavyoanika nguo. Sasa nikimwaga uji anafuta mwenyewe na kuniita mwanangu. Mtu aliyezoea kugombana na wewe akiacha ghafla, ameshamalizana na wewe.

Mume wangu ni mtoto wake wa pekee. Sheria inamruhusu aoe, na mila inamsukuma. Kilichokuwa kimemzuia ni kwamba mkewe bado anazaa. Mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimekiondoa kizuizi hicho.

Kesho yake nilijaribu. "Mama, nina neno."

"Pumzika, mwanangu. Najua yote." Akanipapasa mgongo. "Anayetoa ni Mungu, na anayezuia ni Yeye."

"Si hivyo mama, mimi..."

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Ningelisema. Lakini miguu ya jirani ikaingia, na nyuma yake miguu mingine, na sahani ya mihogo, na neno likarudi lilikotoka.

Mume wangu alipiga simu baadaye. Mtandao wa Rutamba ulikuwa unakatakata. "Mama kanieleza," alisema. "Usijitie mawazo. Wewe ni mke wangu, hakuna atakayekutoa." Sikuwa nimemuuliza kama mimi ni mkewe.

Siku ya saba nilisikia brashi ikikwaruza ukuta. Sauti ilikuwa ikitoka chumba cha nyuma, ninakoshonea. Nilijikokota hadi mlangoni nikishika kuta. Cherehani yangu ilikuwa imetolewa, imewekwa karibu na jiko, vitambaa vya wateja juu yake. Ndani walikuwa wanapiga chokaa.

"Ukuta una unyevu," mama mkwe alisema bila kugeuka. Mvua ilikuwa imekatika zamani.

Siku ya nane niliamshwa na harufu ya udi. Miguu ya mama mkwe ilisimama mbele ya uso wangu imevaa viatu ambavyo huvaa siku ya Idi. Alisema anakwenda Songo Mnara kuwaona ndugu zake, atarudi kesho. Huko ndiko kwao. Huko ana dada yake, na dada yake ana binti aliyemaliza shule, ambaye mama mkwe alikuwa akimsifu mbele yangu kwa miaka miwili, jinsi anavyopika, jinsi alivyo na nyonga.

"Mama, subiri kidogo. Nina jambo."

"Boti inaondoka na maji, mwanangu. Utaniambia nikirudi."

Akaondoka. Nililala pale nikihesabu: sasa yuko bandarini, sasa yuko majini, sasa ameshuka. Alasiri nilichukua simu nikapiga. Alipokea mara ya kwanza. Nyuma yake nilisikia wanaume wakikohoa, kikohozi cha wazee wanaojiandaa kulisema jambo. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Maneno manne yangetosha.

"Umefika salama, mama?" niliuliza.

"Salama, alhamdulillahi."

Nikakata. Nimeyafanya mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa nashona na mkono unasimama wenyewe.

Asubuhi ya siku ya tisa bibi mkandaji alikuja na maji yake. Aliponikandamiza kiunoni nilisikia kitu kinaachia, kisha joto likashuka mapajani. Nilidhani ni maji ya kukandia. Bibi akaacha kukanda. Akafunua shuka, akanigeuza ubavu, akaangalia kwa macho ya mtu aliyepokea watoto wa nusu ya mji. Damu ilikuwa inashuka haikomi, imeshafika kwenye mkeka.

"Mjukuu wangu," alisema, "hii damu haitoki kwenye uzazi."

Masikio yalikuwa yanavuma.

"Bawasiri?"

"Ndiyo, bibi."

Akajipiga kifuani. "Na mie nakulisha pilipili!" Kisha akatoka nje akipiga kelele za kuita bajaji, na sauti ile ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka kabla ya hospitali.

Walinishona upya. Waliniongeza damu chupa mbili. Daktari mmoja kijana aliniuliza kama sikuelezwa kuhusu vyakula, nikamwambia nilielezwa vizuri sana. Alinitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu mpole.

Mama mkwe alifika alasiri, ametoka botini moja kwa moja, pindo la kanga limelowa maji ya bahari. Alikuwa analia. Aliniogopea kweli, hilo sitamnyima. Akaushika mkono wangu, na mimi sikungoja tena.

"Mama, sijatolewa kizazi. Kizazi changu kizima. Nilikuwa na bawasiri."

Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka kuangalia kitanda cha jirani.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili. Niliona haya."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Machozi yalikauka usoni pake nikiyaona. "Jana tumesoma Fatiha ya posa," alisema. "Wazee wote walikuwepo. Mume wako tulimpigia, akasema ameridhia."

"Rudi ukawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba bado nazaa. Kwamba nilikatwa bawasiri tu."

Akaliweka pindo la kanga mdomoni. Nilimwona akijaribu. Nilimwona akiwa mbele ya dada yake na wale wazee, akilitafuta neno hilo, akilisogeza hadi kwenye ulimi. Mapambano yale niliyajua, nilikuwa nimeishi nayo miaka mitatu. Alishindwa kama nilivyoshindwa mimi.

"Nitalisema mimi," nilisema, na nikapaza sauti. "Bawasiri! Nilikuwa na bawasiri!" Wodi nzima ikageuza vichwa.

"Punguza sauti, mwanangu," mama mkwe alisema. "Watu watasikia."

Mume wangu aliporudi kutoka Rutamba nilimweleza yote. Alisikiliza akitazama sakafu, akasema pole, akasema laiti angejua, akasema Fatiha ikishasomwa haifutwi. Harusi ilifungwa Songo Mnara wiki ya nne. Uani kwa bibi harusi walinitandikia mkeka mpya mahali pa heshima. Sikuukalia. Nilisimama tangu ngoma ya kwanza hadi wali ukaliwa, kwa sababu mishono mipya ilikuwa haijapona, na nyuma yangu nikawasikia wanawake wakinisifu.

"Mke mkubwa ana moyo," walisema. "Hakukaa hata mara moja."