Onyo la Mstari Mmoja

Aminiel alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Ukimwambia chai ipo, atauliza kama imechemka. Alituchosha, na mimi ndiye niliyemcheka zaidi. Siku pekee aliyoacha kuuliza, niliyemnyamazisha ni mimi, Jovita, mpiga chapa wa ofisi. Inaniuma hadi leo.

Mwaka 1988 mradi wetu wa mbegu hapa Babati ulipata kompyuta moja. Aminiel, karani, alikwenda kujifunza Arusha, akarudi na disketi za rafiki yake: programu ya kupanga orodha, iliyotolewa bure pamoja na maandishi yake yote ili anayetaka airekebishe. Lakini kwanza ilibidi programu nyingine, kompaila, iyageuze maandishi hayo yawe amri za mashine. Kompaila yetu ilikuwa mpya. Maktaba, yaani vipande ambavyo programu ile iliviazima ili ifanye kazi, ilikuwa ya toleo jingine. Kila akijaribu, mashine inakataa.

Siku tatu alibadilisha hiki, akarudisha, akabadilisha kile. Dizeli ya jenereta tuliipata kwa kibali, tena kwa kubembeleza. Siku ya nne akaweka maktaba ya zamani aliyoikuta kwenye disketi nyingine. Mashine ikakubali, ila ikaandika onyo la mstari mmoja: ukubwa wa orodha haulingani.

"Ngoja kwanza nijue maana yake, Dada Jovita."

"Onyo si kosa!" nilifoka. "Dizeli inaisha na mvua imeshaanza. Chapa!"

Akachapa. Karatasi za majina ya wakulima zilitoka safi, nikazitembeza ofisi nzima kwa majigambo.

Siku ya kugawa mbegu kijijini Sigino, msomaji wa majina nilikuwa mimi. Mama Katarina, mjane, alisimama na gunia lake tangu asubuhi.

"Shikamoo mama. Jina lako halimo."

"Marahaba. Niliandikwa, mwanangu."

"Mashine haikosei, mama," nilimjibu. Wajane wengi walirudi mikono mitupu, na mbegu zilizobaki tukazipeleka kijiji kingine, Mutuka.

Kesho yake Aminiel alifungua daftari la kijiji. Maktaba ile ya zamani ilibeba majina mia mbili hamsini na matano tu. Yaliyozidi iliyaacha kimyakimya. Na wenyeviti wetu wa vijiji, kwa mazoea, waliandika wanaume kwanza, wajane mwisho.

Ghala lilikuwa tupu. Tulikwenda Sigino wote wawili, Aminiel akaeleza jinsi majina yalivyoachwa. Mama Katarina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine yenu, wakati inatuacha, haikusema kitu?"

"Ilisema, mama. Sikuisikiliza. Nisamehe."

Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimekumbatia mkoba wangu, nami sikujitaja.