Kiti cha Pili

Juzi hapa Kanoni niliona gari la milango miwili limeegeshwa, nikanusa tena mchana ule wa utotoni: petroli, ngozi ya viti, na kahawa iliyoanikwa uani kwetu.

Mzungu wa machimbo ya bati alikuwa anarudi kwao, akamletea baba magari yake mawili achague moja la kununua. Kubwa lilinguruma taratibu, viti vyake laini kama kitanda. Dogo lilikuwa jepesi, la watu wawili tu. Baba alilijaribu, akakata kona ya migombani bila kupunguza mwendo, akarudi anacheka kama kijana. Mimi nilidhani ni ndama wa lile kubwa.

Mama hakucheka. Alilizunguka, akainama, akanusa kiti.

“Baba Koku,” alimwita kwa jina langu, “hiki kiti cha pili ni cha nani?”

“Ni chako.”

“Na watoto wakae wapi? Chukua lile kubwa.”

Baba alikubali upesi mno. Leo ningeushuku upesi ule. Siku ile niliruka kwa furaha, nikaamini mama ameshinda.

Mavuno yalipokwisha, baba alirudi na lile gari kubwa kutoka Bukoba. Nyuma walikaa kwa raha zao mwanamke nisiyemjua, watoto wake na mikeka yao, na nafasi bado ilibaki.