Ng'ombe wa Kokoto

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati, mtoto mgongoni akichemka homa. Bibi mmoja wa Kiborana aliniona nina hofu, akachimba mashimo ya bao mchangani, akanigawia kokoto.

"Hawa ng'ombe wako. Peleka kisimani."

Nilicheza haraka, akanila wote.

"Mama, ng'ombe hakimbizwi! Angalia kisima cha mwisho kwanza."

Mara ya pili nilitulia. Kokoto zikawa kundi linalotembea polepole kuelekea visima vya Merti, na hofu ikatulia nalo.

Muuguzi akamwita bibi, maana alifika kabla yangu. Bibi akamnyooshea mwanangu kidole. "Huyo aingie. Mimi bado nafikiria ng'ombe wangu."

Tulipotoka, mtoto amelala baada ya sindano, kokoto zangu hazikuwa zimeguswa.

"Cheza sasa," akasema.

Akanila tena. Nikaomba mchezo wa tatu.