Dari la Magunia

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule, nikaenda mgodi wa Mutoshi kuosha madini ya kobalti ili wadogo zangu wawili wasome. Nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo haikuwa na dari. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye mabati hadi ndani ya bukari, ugali wetu. Kwetu hakuna anayetupa gunia la madini. Nikakusanya yaliyochakaa, nikayafua kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe, nikashona dari. Majirani walikuja kulitazama, na wengine wakashona yao.

Kitinda mimba wetu alilala chini ya dari hilo, kitanda kimoja nami. Alikuwa akikohoa. Nilisema ni baridi; kwetu kiangazi huwa na baridi.

Mdogo wangu yule mwingine alikuja likizo kutoka chuo kikuu, Lubumbashi. Alisomea nanoteknolojia, elimu ya vitu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Jirani alipomuuliza anasoma nini, alijibu kwa kifupi: chembe za vumbi.

"Vumbi?" jirani akapiga makofi. "Kama vumbi inaletaka diplome, Kasulo yote ni baprofesa!"

Tulicheka sote. Kisha mdogo wangu akainua macho darini, kicheko kikamwishia.

"Yaya, ile magunia ulipata wapi?" akauliza. Kwetu ndugu mkubwa huitwa Yaya.

"Mutoshi. Nilifula muzuri na sabuni."

"Sabuni inaondoa ile unaona. Ile haionekane inabakia mu nyuzi. Mutoto akipumua, inashuka mupaka chini ya mapafu."

Akaeleza kwamba ng'ambo kobalti husagwa iwe laini hivyo makusudi, kwa ajili ya betri za simu, lakini wanaoisaga hufunika pua na kufunga milango. Maneno mengine yalinipita. Nilikuwa nimemsomesha mpaka mahali ambapo sikuweza tena kumfuata.

"Nimupeleke mutoto kwangu Lubumbashi," akasema. "Niko na chumba."

"Na mi?"

"Weye pia, Yaya. Kuja."

Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, na karo yao wote wawili ilitoka Mutoshi. Nilifungasha nguo za mtoto tu.

Kule Manika, tunakopandia basi, mtoto alifurahia kukaa dirishani. Nilisimama chini nikimpungia mkono, naye alikuwa akitazama mbele.

Niliporudi nikabomoa dari. Nikawaambia na majirani wabomoe yao. Yule jirani wa utani hakutania tena: "Weye uko mutu moja, vumbi ianguke tu. Mi niko na batoto tano, dari ikitoka balale wapi?"

Kesho yake nikarudi Mutoshi.

Baada ya majuma kadhaa mtoto alinipigia simu.

"Yaya, sikohoe tena!"

"Mungu asifiwe."

"Utakuja kunikamata lini, nirudie ku nyumba?"

"Maliza kwanza mwaka wa shule."

"Na kisha?"

"Kisha mwaka mwingine," nikamwambia, nikamuuliza wamekula nini.