Koti la Jirani wa Juu

Kila majira ya kuchipua jirani yetu wa juu hununua ua la jeranio lililodekezwa kwenye joto la nyumba ya vioo, kisha hulizoesha baridi ya Poland: leo kwa saa moja kibarazani, kesho kwa saa mbili. Kila akiongeza saa, hufungua kifungo kimoja cha koti lake la sufu, maana naye anajizoesha.

"Mgonjwa hajambo, bibi?" humtania Bogumił, mpeleka barua, akiwa chini.

"Yupi kati yetu?"

Kabla ya siku ya Mtakatifu Zofia, anayekuja na baridi ya mwisho, hathubutu kuliacha lilale nje. Jana siku ya Zofia ilipita. Asubuhi hii koti limemwangukia Bogumił kichwani, na huko juu bibi, kwenye gauni la mikono mifupi, anazunguka na chungu cha jeranio kifuani: "Tumepona, wewe! Tumepona wote wawili!"